Waya za Lori la Wabwire

Manyatta, Kisumu
11 Februari 1973

Kwa shemeji yangu Wabwire,

Natumaini karatasi hii itakukuta na afya, wewe na mtoto Metrine, na kwamba ziwa linawapa samaki huko Port Victoria. Sisi hapa tuko hai. Joto limekuwa kali tangu Krismasi, mabati yanawaka mchana kutwa, na maji ya bomba yanakuja asubuhi kidogo halafu yanakatika. Jentrix, dada yako, anakusalimu sana. Cherehani yake inamshughulisha kila siku, ndiyo maana hakushika kalamu mwenyewe.

Nadhani ulisikia kwamba ile gereji niliyokuwa nikifanya kazi ilifungwa. Tajiri aliuza vyombo vyote mwezi wa Desemba akasafiri na watu wake. Nimezunguka gereji nyingine zote za mjini, na kila mahali wananiambia nirudi mwezi ujao. Nimerudi mpaka nimeona aibu.

Kwa hiyo nimeanza kazi nyumbani. Natengeneza waya za plagi. Siku tajiri alipouza vyombo nilichukua rola zima la waya ile nene, sanduku la vichwa vya shaba vya kuvisha ncha zake, na koleo maalumu la kubania. Madukani siku hizi seti kamili ni shida, na ukiipata ni ya gari jingine. Waya zikiwa fupi zinavutana, zikiwa ndefu zinalalia bomba la moshi na kuungua. Mimi nakata kwa urefu wa gari lenyewe.

Nakumbuka Bedford lako ni la petroli, silinda sita. Ukitaka, chukua uzi wa nyavu upime kutoka kwenye distribyuta, pale umeme unapogawanywa, hadi kila plagi, kwa njia ambayo waya itapita, wala usiuvute uzi ukakaza. Injini hutikisika, kwa hiyo uzi ulegee kidogo. Wa plagi ya kwanza funga fundo moja, wa pili mawili, hivyo hivyo mpaka wa sita. Ule mfupi wa kutoka kwenye koili usiufunge fundo. Nitumie, nitakutengenezea seti.

Jentrix ana mkono mzuri kuliko wangu wa kubana vichwa. Kazi haitakuaibisha.

Nasimama hapa kwa leo. Mimi mume wa dada yako,
Amolo


Port Victoria
4 Machi 1973

Mulamwa Amolo, shemeji yangu,

Barua yako nilipewa posta nikaisoma nikiwa nimesimama pale pale, kisha nikaisoma tena nyumbani. Nafurahi kusikia mko salama, wote wawili.

Huku upepo umebadilika. Ngege, wale samaki wakubwa, ni wachache, tunaishi kwa dagaa, omena. Mwezi huu umetimia mwaka tangu tumzike mama Metrine. Padri alikuja akasoma misa, majirani wakala, wakaenda. Mtoto anaendelea vizuri, kwa kweli vizuri kuliko nilivyotarajia. Anakula chakula chake, nywele zake zinasukwa kila Jumamosi, na kile kikohozi kimekwisha. Nyumba inafagiliwa. Sina la kulalamika.

Lori ndilo linalonisumbua. Asubuhi halitaki kuwaka, na likiwaka linakohoa kama mzee. Dereva wangu Dishon, yule mtu mzima wa kwenu Seme, ndiye atakayekuletea barua hii mkononi pamoja na nyuzi saba. Tumepima pamoja, mimi nikishika huku na yeye kule. Waya zikiwa tayari mpe yeye.

Na jambo lingine, dogo. Metrine amerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa sare. Nimekumbuka ile cherehani niliyowapa siku ya harusi yenu, ambayo niliisafirisha kutoka Jinja nikiikalia kwa sababu sikutaka mtu mwingine aishike. Mwambie Jentrix amshonee mtoto gauni la bluu. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Kwake yeye hiyo ni kazi ya jioni moja.

Nisalimie dada yangu. Mwambie namfikiria kana kwamba yuko hapa hapa.

Shemeji yako,
Wabwire


Manyatta, Kisumu
25 Machi 1973

Shemeji Wabwire,

Pole na kumbukumbu ya mama Metrine. Nilikuwa nimeihesabu miezi pia. Kama si nauli ningekuja.

Dishon alifika salama. Jentrix alikuwa ametoka kwenda soko la Kibuye, kwa hiyo hawakuonana. Nilimchemshia chai mwenyewe. Tuliongea mengi ya huko na ya huku, maana yeye ni mtu wa maneno. Alikaa akanitazama nikifanya kazi mpaka akasinzia kwenye kiti.

Seti nzima nimeibana kwa mkono wangu. Nakueleza namna inavyofanywa, ili ukiona kasoro ujue pa kutazama. Kwanza nakata waya kwa kisu kikali, ncha iwe sawa. Halafu naingiza kofia ya mpira, kwa sababu ukiisahau ukafunga kichwa, itakubidi ukate uanze upya. Juzi niliisahau mara mbili. Kisha nachuna mpira wa nje kiasi cha upana wa kucha ya dole gumba, bila kugusa nyuzi za shaba zilizo ndani. Zile nyuzi nazikunja nyuma zilalie mpira, navisha kichwa juu yake, nabana. Kichwa kina mabawa mawili, na mabawa hayo lazima yajikunje yaume mpira. Mwisho naivuta kofia ifunike. Kwa mdomo ni rahisi.

Gauni la Metrine liko ndani ya gazeti. Jentrix amelishona Jumatano. Kama linapwaya, mtoto atalijaza.

Dada yako anakusalimu. Kuku wake mwenye doa ametotoa, vifaranga wote wako hai, na jioni wanafungiwa ndani ya pakacha kama anavyotaka yeye. Mahindi aliyopanda nyuma ya choo yameota. Nguo zinaanuliwa kabla ya mvua. Anasema usiwe na wasiwasi na nyumba.

Amolo


Port Victoria
13 Mei 1973

Mulamwa,

Utanisamehe kukawia. Mto Nzoia ulivunja kingo zake mwezi uliopita, na barabara ya kwenda Busia ilikuwa chini ya maji. Watu wa upande wa Mudembi walilala juu ya matuta ya kuzuia maji pamoja na ng'ombe wao. Sisi hatukufikiwa, lakini nyumba ilijaa wageni waliokimbia mafuriko, na kulikuwa na mikono ya kutosha ya kuwapikia, namshukuru Mungu. Barua hii imekaa mfukoni mwangu hata imechakaa kabla ya kuandikwa vizuri.

Waya zako zilifanya kazi siku chache tu. Dishon alipakia samaki barabara ilipofunguka, akafika mpaka Ugunja bila shida. Kwenye mlima, mvua ikinyesha, lori likaanza kukohoa, kisha likazima. Alipofungua boneti aliona cheche zinaruka nje ya kofia ya plagi ya tatu. Alipoivuta, waya ilimfuata mkononi, kichwa kikabaki kwenye plagi. Ya tano vivyo hivyo. Alikaa pale mpaka kesho yake. Samaki waliharibika wote, akawamwaga mtaroni, na watu wa pale wakamtukana kwa harufu.

Gauni nalo lilifumuka upindo mara ya kwanza kufuliwa. Kuna mtu hapa anayejua ushonaji. Aliligeuza ndani nje akautazama mshono, akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Hii ni kazi ya yule fundi wa barazani pale Kibuye, anayeshona huku anaongea na wapita njia." Amelishona upya kwa mkono. Sasa linavalika.

Sikuulizi lolote, shemeji. Mwaka huu umenichosha, na sina nguvu ya kuuliza mtu maswali. Lakini nina lori lililosimama, na watu wanaokula kwa lori hilo. Kama huwezi kazi hii niambie.

Nisalimie nyumbani.
Wabwire


Manyatta, Kisumu
10 Juni 1973

Shemeji,

Pole kwa mafuriko, pole kwa samaki, na Dishon mpe pole yangu kwa kulala barabarani. Habari ile nimeibeba kifuani tangu niisome.

Nimekutengenezea seti nyingine na nimempa Dishon alipopita. Nyuzi zako nilikuwa bado nazo. Kosa nimeliona. Nilichuna mpira mno, nyuzi nyingine za shaba zikakatika pamoja nao, halafu nilibana nikiwa nimechoka na mabawa yakalala juu ya mpira badala ya kuuma. Kwa macho huwezi kujua. Ni mpaka uvute. Sasa kila waya naishika ncha mbili na kuivuta kwa nguvu zangu zote. Ikiachia naitupa. Nimetupa nyingi wiki hii, sakafu imejaa vipande, na kichwa kilichobanwa vibaya hakibaniki tena.

Kuhusu gauni, Jentrix alikuwa na homa siku alipolishona.

Kuna jambo nataka kukuandikia. Mtu mmoja alikuwa akinisaidia kubana, kazi ilipoanza, na akaumia kifundo cha mkono wa kulia. Koleo lile ni gumu, linahitaji kiganja kikubwa. Hakusema kwamba anaumia. Nilimwona amefunga kitambaa mkononi nikadhani ameungua jikoni, wala sikumuuliza. Nimemuuliza nesi mmoja wa ile hospitali kubwa ya hapa mjini tunayoiita Russia. Anasema mkono wa namna hiyo ukandwe kwa maji ya moto yenye chumvi, asubuhi na jioni, na mwenyewe asikamue nguo wala asisonge ugali mpaka uvimbe utoke. Nakuandikia kwa kuwa huenda hata huko kuna mtu mwenye maumivu kama hayo.

Vifaranga wa Jentrix wamekuwa wakubwa. Mwewe amechukua mmoja. Mahindi tulianza kuyachoma wiki iliyopita. Anakusalimu, anasema kwamba hajasahau mtu.

Ni mimi,
Amolo


Port Victoria
8 Julai 1973

Amolo,

Metrine ni mzima, mimi ni mzima, lori linakwenda vizuri na waya zako za safari hii hazijasumbua. Nimemaliza salamu.

Jentrix yuko hapa. Yuko hapa tangu Januari, na wewe unajua kwamba hayuko kwako, kwa hiyo sijui tunaandikiana nini. Kila barua yako naisomea mezani kwa sauti, naye akiwa amekaa upande wa pili anachambua omena. Nasoma, "Jentrix anakusalimu," naye yuko pale ananitazama. Mara ya kwanza nilitaka kucheka. Mara ya pili nilikasirika. Hii ya mwisho nilipofika kwenye habari ya mkono, aliacha omena akatoka nje. Akarudi giza likiwa limeingia, akasonga ugali kama kawaida kwa mkono ule ule.

Nilimwambia, "Mumeo ni mwongo."

Akasema, "Si mwongo. Ni mwoga."

Alinieleza siku alipofika. Siku ile ya kufunga gereji yeye alikuwa kwa akina mama wa kanisa. Aliporudi alikuta pale palipokuwa na cherehani pana rola la waya na sanduku la vichwa, na wewe umekaa unajaribu koleo. Ulikuwa umeiuza bila kumwambia neno. Na cherehani ile ndiyo iliyowalisha gereji ilipokuwa inasuasua. Mimi niliikalia kutoka Jinja mpaka Kisumu, shemeji. Mwanamke anayekwenda kuolewa kwa watu wa lugha nyingine nilitaka awe na kitu chake.

Kwa nini ulikuwa ukiniandikia kwamba anashona? Ulidhani hatanijia mimi? Angekwenda kwa nani? Hatuna mama wala baba.

Nataka jibu, na nataka litoke kwako mwenyewe bila salamu za kubuni.

Wabwire


Manyatta, Kisumu
29 Julai 1973

Shemeji Wabwire,

Nimeisoma barua yako. Yote uliyoandika ni kweli.

Nilipokuandikia mwezi wa pili sikujua yuko wapi. Nilidhani yuko kwako, lakini nilidhani pia labda yuko kwingine na wewe hujui, nikaogopa kukwambia dada yako amepotea mikononi mwangu. Ndiyo nikaandika vile. Kisha Dishon alipokuja kuchukua waya, nilipompa mkate akasema ameshiba, Jentrix amemfungia chakula cha njiani. Alisema bila kufikiri, halafu akatazama kikombe. Nilimwambia asiwe na shaka.

Kwa hiyo tangu mwezi wa tatu nilijua. Na nilijua vilevile kwamba barua utamsomea, kwa sababu hata ulipokuja kwetu zamani ulikuwa ukisoma gazeti kwa sauti mpaka watoto wa jirani wanakusanyika. Ningemsalimu vipi mtu aliyeondoka bila kuniaga? Niliandika habari za kuku na mahindi kwa sababu ni vyake, nilitaka ajue viko hai. Ya mkono nilitaka ayasikie. Sikujua njia nyingine.

Cherehani niliiuza kwa sababu vyombo vilikuwa vinauzwa siku ile tu, na nilijua nikimsubiri atakataa. Sina la kuongeza hapo. Lakini kuna jambo ambalo huenda hakukwambia. Aliporudi kutoka kanisani hakupiga kelele. Alipaangalia mahali pale, akavua kitambaa cha kichwa, akakaa, akaniambia, "Nionyeshe." Nikamwonyesha kubana. Tulibana pamoja wiki tatu, yeye upande huu wa meza na mimi ule, na katika wiki hizo hakuitaja cherehani hata mara moja. Nilidhani amekubali. Niliwaambia watu kwamba nimepata mke wa kazi. Asubuhi moja nilikwenda mjini kupeleka seti, nikarudi nikakuta chungu kimefunikwa na yeye hayupo.

Ndiyo hivyo. Sasa na mimi nikuulize, kwa heshima, kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu. Ulinitumia vipimo vya gauni la mtoto huku fundi wake amekaa mezani kwako. Ungeniandikia mstari mmoja, "Yuko hapa, njoo tuongee," ningekuja kwa miguu. Miezi saba ulinyamaza. Ulinyamaza kwa ajili yake, au kwa ajili yako?

Amolo


Port Victoria
16 Septemba 1973

Mulamwa Amolo,

Nimekawia kukujibu, na safari hii si mto wala barabara.

Barua yako niliisoma mezani kama siku zote. Nilipofika kwenye swali lako nikaishusha karatasi. Jentrix akasema, "Endelea." Nikasema imekwisha. Akasema, "Haijaisha, naona mistari." Akanyoosha mkono akaichukua, akaisoma mwenyewe mpaka chini, akairudisha juu ya meza.

"Amekuuliza," akasema. "Mjibu."

"Nilinyamaza kwa ajili ya Metrine," nikasema.

"Metrine ni mtoto. Swali ameulizwa mtu mzima."

Mtoto alikuwa pale anasikiliza, akaanza kulia bila kujua analia nini.

Nitakuandikia wewe nilichoshindwa kumwambia yeye. Alipofika Januari aliniambia nisikuandikie kwanza. Alikuwa na maana ya siku chache, mpaka hasira itulie. Mimi neno lile nililishika nikalifanya miezi. Mwezi wa tatu alisema, labda mwite sasa aje. Nikamwambia mvua zinakaribia, tungoje barabara ikauke. Barabara ilipokauka nikasema tungoje mavuno ya pamba. Hujui nyumba hii ilikuwaje mwaka ule wa mazishi, shemeji. Nilikuwa nikirudi kutoka ufukweni namkuta mtoto amelala na viatu, jiko baridi, na mimi sijui hata unga uko wapi. Jentrix akaja, na nyumba ikawa nyumba. Nikawa nakukasirikia kwa sauti kubwa, na moyoni nilikuwa nikiomba usije.

Yeye ameyajua yote hayo. Alikuwa akiyajua. Jioni ile alikunja nguo zake, nami nikasimama mlangoni. Akaniambia, "Kwa Amolo nilikuwa mikono ya kubana waya. Kwako nimekuwa mikono ya kupika. Mmekuwa mkisalimiana juu ya kichwa changu tangu mwaka uanze, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza ninataka kukaa wapi."

Nikamuuliza, "Unataka kukaa wapi?"

Akasema, "Umechelewa. Sasa hivi nataka kulala."

Aliondoka Jumanne na Dishon, juu ya magunia. Hakuja kwako. Dishon alimshusha njiani na ameapa kwake kwamba hatasema ni wapi, hata mimi hajaniambia, na sijamlazimisha. Ninachojua ni kwamba ana rafiki wa kanisani, mama mmoja anaitwa Lornah, anayeshona nguo. Jentrix alisema mtu asimtafute. Nakuomba umsikilize safari hii. Mimi najaribu.

Mtoto anauliza kila jioni. Nimejifunza kumsuka, vibaya. Anakaa tu ninapovuta nywele, hasemi kwamba ninamuumiza.

Shemeji yako bado, kama unakubali,
Wabwire


Manyatta, Kisumu
25 Novemba 1973

Shemeji Wabwire,

Shemeji ni shemeji, usiniulize tena jambo hilo. Nashukuru kwa pakiti ya omena uliyoituma. Nimekula na majirani. Mtoto mwambie nimesikia amepita mtihani wake, na mwambie pia kwamba nywele huwa zinakua zenyewe hata zikisukwa vibaya.

Sikumtafuta. Septemba na Oktoba nilifanya kazi yangu. Meza ile nimeitoa ndani ya nyumba. Sasa nabania nje, kwenye kibaraza cha jirani, na watu wa magari wananikuta pale. Bwana mmoja wa Milimani alileta gari lake jeusi, akakaa ndani ya gari muda wote akinisubiri bila kuzima redio. Kazi haikosi, ila inachosha macho. Ndani ya nyumba pamebaki kitanda, jiko na nafasi.

Mwisho wa Oktoba Dishon alisimamisha lori lako mbele ya kibaraza, akateremka polepole, akasema, "Nimetumwa. Anakaa Mamboleo, nyuma ya kinu cha unga. Uje Jumapili baada ya kanisa. Usije na kitu chochote."

Nikaenda mikono mitupu, nisijue niiweke wapi hiyo mikono. Ana chumba kimoja, kisafi. Kwenye baraza ya Lornah kuna mashine mbili na yeye anatumia moja. Wanashona mapazia na magauni ya harusi, na siku nyingine sare. Amekonda kidogo. Alinifungulia mlango, akaniambia karibu, akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Nilikuwa sijala. Nadhani alijua, kwa sababu chai aliyoleta ilikuja na viazi.

Tuliongea mambo ya kawaida. Jumapili ya pili pia. Jumapili ya tatu nilimwambia nililokuwa nataka kumwambia tangu Desemba iliyopita. Si la kuandika hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kushona kifungo alichokuwa akishona, akasema, "Nimesikia." Hakusema nimekusamehe, na mimi sikuuliza. Mkono wake una nafuu lakini ukitazama vizuri utaona anatumia ule wa kushoto kuinua sufuria.

Anasema Metrine aletwe shule zikifunga, akae naye Mamboleo mpaka Januari. Anasema umlete wewe mwenyewe, usimpe Dishon, na ukija ulale, usikimbilie samaki. Nimekuandikia maneno hayo kama alivyoyasema, mbele yake, na amesikia nikiyarudia.

Kuhusu kurudi Manyatta, hajasema. Sijui kama atasema. Nimechoka kutaka kujua, naona hata kutokujua ni mahali pa kukaa.

Jumapili iliyopita tulikuwa barazani. Lornah alikuwa amekwenda kwa mwanawe, mashine zimefunikwa. Ilipofika saa ya mimi kuondoka mawingu yakaja kutoka upande wa ziwa, yale meusi ya jioni, na mvua ikaanguka yote kwa mara moja. Nilisimama nikatafuta kofia yangu.

Akasema, "Ngoja iishe."

Nikakaa. Aliingia ndani akaleta kiti kingine, akakiweka karibu na changu mahali ambapo maji hayafiki, naye akakaa. Mvua ilinyesha sana. Barabara ya Mamboleo ikawa mto, watu wakawa wanakimbia na magunia kichwani, na kwenye kinu wakafunga mlango. Baadaye kidogo ilipungua, ikawa ya matone, ya mtu kutembea nayo bila shida. Nilimtazama. Alikuwa anaangalia barabara, hakusema imeisha, na mimi sikusema.

Amolo